Wajuzi wa mapishi, mbona faluda yangu ya maua inanuka sabuni?

Mama_Raskazone
Jamani habari za jioni, nna swali ila msinicheke. Hapa kwangu Tanga nna mche wa asumini mlangoni, ikifika magharibi harufu inaingia mpaka chumbani, nkasema hii si ningeitia kwenye kastadi tukaila. Nkachuma bakuli zima nkatumbukiza kwenye maziwa yanachemka, nkayaacha dakika kumi hivi, ikatoka chungu ina ladha ya majani kama maji ya mchicha. Sikukoma. Juzi nkanunua marashi (maji ya mawaridi) dukani nkamimina nusu kikombe kwenye faluda, mawifi zangu wakaja, mmoja akaonja akanyamaza kimya, mwengine akauliza eti bakuli limesuuzwa vizuri?? Nilitamani ardhi ipasuke. Jumamosi wanarudi tena na mama yao. Nakosea wapi, na je haya mawaridi ya kununua mjini naweza kuyatumia?

BintiMkunazini
Pole shoga, hapo kwenye bakuli nimecheka mpaka machozi. Asumini haipikwi mwanangu! Ile harufu yake nyepesi, moto ukiigusa inaruka na mvuke, kinachobaki kwenye sufuria ni uchungu wa kile kikonyo cha kijani. Mie navyofanya, nachuma jioni yale yaliyokaribia kufunguka, maana asumini inachanua usiku na hapo ndo harufu yake imekolea, asubuhi ushachelewa. Naondoa vikonyo vyote vya kijani moja moja (kazi ya kukaa na watoto barazani hiyo), natafuta wadudu, nasuuza kwa maji kidogo nayaacha yakauke juu ya kitambaa. Kisha nayatia kwenye krimu ya baridi, kiganja kimoja kwa nusu lita, nafunika barabara, friji mpaka asubuhi. Nachuja. Ukitaka ikolee zaidi usizidishe maua siku hiyo hiyo, tia mapya usiku wa pili.

Kastadi yako pika nzito kuliko kawaida, iache ipoe kabisa, ndo uchanganye na hiyo krimu. Na kama huna krimu tumia sukari, panga kwenye kopo safu ya sukari safu ya asumini, funga, kesho yake chekecha. Inashika harufu ajabu. Sukari itapata unyevu kidogo, ianike tu isigande.

Hakikisha ni asumini yenyewe ile ya kutungia vikuba, sio kila ua jeupe la uani. Mwoleanda unaona watu wamepanda kwenye ua wa nyumba, ile sumu, hata jani lake usiweke kwenye sahani kama pambo.

Nipo_Maskati
Upande wa marashi ngoja nikusaidie. Kwanza soma chupa, kuna marashi ya kula na kuna ya kunyunyizia wageni kwenye mrashi na kujipaka, haya ya pili wanatia manukato mengine, usile. Huku Omani mawaridi yanachumwa kwenye milima ya Jabal Akhdar, msimu wake mkubwa ni mwezi wa 4, wazee wanakeneka kwenye tanuri la udongo, petali ndani ya chungu, juu yake chombo cha maji baridi ili mvuke ugeuke matone. Yale ya kienyeji yana moshi moshi, rangi yake kama chai hafifu, ya mashine ni meupe kama maji. Mimi napenda ya moshi kwenye halua ila kwenye maziwa ntachukua meupe.

Na kiasi dada!! Nusu kikombe hiyo ni ya kumwogeshea bibi harusi. Kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maziwa, onja, ukiona bado ongeza matone. Hata wapika halua wanakoroga zaidi ya saa nzima na marashi wanayatia mwishoni kabisa wakikaribia kuipua. Hiyo ladha ya sabuni ni kwa sababu sabuni nyingi tumezizoea na harufu ya waridi, pua inakumbuka bafuni. Tia hiliki na chumvi kidole, pua inarudi mezani.

Bi_Kibokoni
Naongeza kwa mawaridi ya kununua: USITUMIE. Yale ya maduka ya maua mengi yanatoka mashamba kama ya Naivasha, yamelimwa kwa ajili ya chombo cha maua si tumbo, yanapigwa dawa, na kuosha hakutoi yote. Isitoshe mengi hayana hata harufu. Tafuta ya uani kwa mtu unayemjua ambaye hapulizii, lile waridi linalonukia mpaka barabarani, kisha ukate ile sehemu nyeupe chini ya petali maana ni chungu.

Jiko_la_Dodoma
Mmesahau choya (rozela) nyie watu wa pwani. Rahisi na haimuaibishi mtu mbele ya mawifi. Tunachotumia si petali, ni lile vazi jekundu linalobaki ua likidondoka. Chemsha na mdalasini na karafuu (na karafuu nayo ni ua, limechumwa kabla halijafumbuka), chuja, tia sukari. Ukitaka jeli, agar-agar ya kugandishia ichemshe pembeni na maji peke yake mpaka iyeyuke ndo umimine choya, ukivichemsha pamoja ile asidi inafanya jeli isigande vizuri. Na usichanganye na maziwa, yatakatika.

Mama_Raskazone
Yaani nusu kikombe 😭 nimeikumbuka sura ya wifi. Haya, asumini za leo nishachuma, vikonyo tumevitoa mimi na mwanangu wa kike, ziko kwenye krimu, jeli ya choya ntaiweka chini na kastadi juu. Swali la mwisho, BintiMkunazini, nikiweka ua moja juu kama pambo wale nalo?

BintiMkunazini
Weka, wakitaka wale. Ila liweke wakati unapeleka mezani, ndani ya friji linakuwa kahawia na utaulizwa tena habari za bakuli.