Nimeuziwa pesa ya Mombasa ya 1888 "ya fedha", kumbe imepakwa tu!!

Jamani wadau wa sarafu, wallahi jana sikulala. Mimi niko Lamu, Mkomani, nakusanya sarafu za majaribio, zile kiwanda kinapiga chache kwa madini yasiyo ya kawaida kuona zitatokaje. Kama ile senti ya Marekani ya 1974, shaba imepanda bei wakapiga zaidi ya milioni 1.5 za aluminiamu alafu karibu zote wakaziyeyusha. Sasa mtu akinitajia "majaribio" moyo unanienda mbio, na huyu jamaa wa Malindi alijua.

Akaniambia anayo pesa ya Mombasa ya 1888, ile sarafu ya kampuni ya Waingereza iliyopigwa Birmingham, ila yake eti ni ya fedha, ya majaribio. Sisi tunazozijua ni za shaba. Nikatuma 18,000 siku hiyohiyo, mzigo ukaja na basi mpaka Mokowe ukavuka na boti. Inang'aa, picha ya mizani iko, Kiarabu kiko, 1306 (mwaka wa Hijria) iko.

Nikampelekea ami sonara, kuishika tu akasema mwanangu hii nyepesi. Akaipima kavu, kisha akaifunga uzi akaining'iniza kwa glasi ya maji juu ya mizani, akagawanya uzito mkavu kwa gramu zilizoongezeka, uzani ukatoka 8.8 kwa kila sentimita ya ujazo. Fedha safi ni kama 10.5! Akapitisha tupa kidogo ukingoni, wekundu wa shaba huo hapo.

Nampigia huyo jamaa wa Malindi ananiambia "dada mi sikusema fedha tupu". Meseji zote ninazo!

Na pesa inauma lakini kinachonichoma zaidi, hiyo sarafu chini yake ni ya kweli, ya 1888 kabisa, amechukua kitu kilichopita mikono ya watu wa pwani hii akakisugua mpaka rangi yake ya miaka zaidi ya 130 ikaisha, akakipaka, sasa haitarudi tena. Mimi nina senti mbili za tundu za aluminiamu za 1908, zimechimbika chimbika maana hali ya hewa ya huku iliila aluminiamu mpaka wapigaji sarafu wakahamia mchanganyiko wa shaba na nikeli, na sijawahi kuzigusa hata kwa sabuni.

Nataka 18,000 yangu, yote. Na wewe uliyenunua "ya fedha" Malindi, ipime kwa maji leo uweke hesabu hapa.