Kuhama Sinza kwenda Goba: kampuni inayofunga kila kitu, kampuni ya kubeba tu, au kenta na vibarua?

Mpangaji_Sinza

Wakuu, habari za leo. Nahama mwisho wa mwezi huu hapa Dar kutoka Sinza, ghorofa ya pili isiyo na lifti, kwenda Goba kwenye nyumba ya chini yenye uzio. Vyumba viwili na sebule. Vitu vikubwa ni friji ya milango miwili, mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, kitanda cha mninga 6x6 na kingine 5x6, kabati la MDF la milango mitatu, sofa ya L, TV ya inchi 55, jiko la gesi na mtungi wa kilo 15, pamoja na vyombo vingi vya kuvunjika.

Nimeshaongea na watu watatu. Kampuni ya kwanza inafunga kila kitu, inabeba na inapanga kule. Ya pili inabeba tu, kufunga ni juu yangu. Wa tatu ni dereva wa kenta (lori dogo) wa kijiweni anayekuja na vibarua wanne. Ya kwanza ni karibu mara mbili ya ya pili, na kenta ndiyo rahisi kuliko zote. Kwa mzigo huu ipi inafaa, na nijiandae vipi?

Turubai

Mkuu, weka bei pembeni kwanza, uangalie ngazi na orodha ya vitu vyako. Friji ya milango miwili na kitanda cha mninga kwenye ngazi nyembamba zenye kona ndivyo vitakavyoamua siku yako, siyo umbali wa Sinza na Goba.

Kenta ya kijiweni ina tatizo moja kubwa: dereva anajihesabia dhamana ya gari lake tu. Vibarua kawaleta yeye, ila friji ikigonga ukuta kila mmoja atakuonyesha mwenzake. Bima ndogo ya gari haigusi mzigo wako. Hata bima kubwa inalinda gari. Mzigo unalindwa na bima ya mizigo iliyo safarini, na hiyo ni baadhi ya kampuni tu ndizo zinazo. Uliza, kisha omba kuona hati yenyewe na tarehe yake ya kuisha.

Jambo lingine ni bei kubadilika ngazini. Ukisema tu "vyumba viwili Sinza", asubuhi utaambiwa hawakujua kama ni ghorofa. Kwa yeyote utakayemchukua, tuma video fupi ya ngazi, vitu vyote na geti la kule, halafu maelewano yaandikwe: ghorofa ya ngapi, wabebaji wangapi, nani anafungua na kufunga vitanda, na gari likishindwa kufika getini nani anagharamia.

Kwa orodha yako ningechukua ya pili, nikaongeza malipo ili vyombo vyote vya jikoni na TV wafunge wao.

Boksi_na_Kamba

Nakubaliana na Turubai, na hilo la mwisho lina sababu nzito. Kampuni nyingi zikivunja glasi ndani ya boksi ulilofunga mwenyewe, jibu huwa hilo hilo: hatujui ulifungaje. Boksi walilofunga wao hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo gawa kazi kwa kuangalia nani atawajibika. Nguo, mashuka, vitabu na sufuria funga wewe. Sahani, glasi, TV, vioo na meza ya kioo waachie wao. Wengi wanakubali ukiomba, hata kama kwenye bei zao hawajaiandika.

Kwa vyumba viwili andaa maboksi 30 hivi. Yawe madogo mengi kuliko makubwa, kwa sababu boksi kubwa likijazwa vitabu chini linafumuka ngazini. Ukishindwa kulinyanyua peke yako bila kukunja uso, punguza. Kwenye maduka ya jumla na ya dawa yanapatikana maboksi magumu. Yaliyobeba mafuta ya kula yaache, karatasi yake imelegea. Chunguza mikunjo pia, mayai ya mende hukaa humo na utahama nao.

Selotepu ile pana, roli tano au sita. Chini ya boksi piga mistari mitatu: mmoja katikati kwenye muungano, na mmoja kila ukingo. Sahani zisimamishe kwa ubavu, kila moja na gazeti lake. Ukizilaza, ya chini inabeba uzito wa zote na tuta moja linatosha kuipasua. Nafasi zinazobaki jaza taulo na kanga. Andika kwa maka peni ubavuni mwa boksi, siyo juu, maana yakipangwa huoni juu. Andika chumba linakokwenda, namba, na "KIOO" kama kipo. Namba hizo hizo ziwe kwenye daftari lenye nakala mbili, moja isainiwe na msimamizi wao kabla gari halijaondoka. Bila daftari hilo, boksi likipungua huna cha kudai.

Mzee wa Fuso

Niongezee upande wa magari, maana naona watu wanakodi kwa mazoea.

Kirikuu, kile kipikapu kidogo, imetengenezwa kubeba kilo 350, na bodi yake ni kama mita 1.9 kwa 1.4. Godoro la 5x6 lina upana wa mita 1.52, kwa hiyo halilali bapa, litasimama kwa ubavu. Kirikuu kwako ni safari nne au tano, na kila safari ni kupakia na kushusha upya. Kenta ya bodi ndefu, yenye mita nne na kitu, itachukua mzigo wako wote kwa safari moja ukipangwa vizuri. Fuso ni kubwa mno, na kona za mitaa ya Sinza zitakusumbua.

Upangaji: friji, mashine na mbao nzito za vitanda zikae mbele, karibu na kabini, kwa sababu nyuma ndiko gari linakorusha zaidi. Magodoro yasimame kati ya friji na kabati kama mto. Maboksi mazito chini, mepesi juu. Sofa juu ya maboksi hapana, yatabonyea njiani na kamba zitalegea. Turubai lifungwe hata kama jua linawaka, vumbi la barabara za ndani huko Goba linaingia kila mahali.

Mvua ikinyesha usiku, baadhi ya mitaa ya Goba yenye miteremko kenta haipandi. Siku moja kabla, piga simu kwa jirani wa huko au mlinzi uulize hali ya njia. Pakieni saa 12 asubuhi. Foleni ya asubuhi inaelekea mjini na ninyi mnatoka, ila mkichelewa hadi jioni mtaungana na wanaorudi nyumbani. Ukiweza, sogeza kutoka mwisho wa mwezi hadi katikati. Mwisho wa mwezi kampuni zinashika kazi mbili au tatu kwa siku, na wewe wa mchana unapata wabebaji waliochoka.

Fundi Baridi

Friji: zima saa 24 kabla, barafu iyeyuke, mwaga maji kwenye trei ya nyuma, kausha. Toa rafu za kioo na droo uzifunge peke yake. Milango ibane kwa selotepu ya karatasi, ile ya plastiki inaacha gundi isiyotoka. Ibebwe ikiwa imesimama, na ngazini isiinamishwe zaidi ya nyuzi 45. Ikilazwa, oili ya kompresa inaingia kwenye mabomba ya gesi, na ukiwasha mapema kompresa inazunguka bila oili ya kutosha. Ikisafiri imesimama, subiri kwa muda wa saa nne kabla ya kuwasha. Ikilazwa hata nusu saa, subiri siku nzima.

Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele ilikuja na boliti za safari, mara nyingi nne, zinazoshika ngoma kwa nyuma. Zitafute leo, siyo asubuhi ya kuhama. Bila hizo ngoma inacheza njiani na kuharibu springi na vizuia mtetemo. Zikifungwa, andika karatasi uibandike mlangoni: TOA BOLITI KABLA YA KUWASHA. Fungua pia kichujio cha chini utoe maji, kuna lita moja au mbili zinazobaki humo na zitaishia kwenye godoro.

Kabati la MDF usikubali lifumuliwe lote. Skrubu zikitoka mara ya pili tundu halishiki tena. Toa milango na rafu, bodi libebwe na watu wawili likiwa limesimama. Kama halipiti kwenye kona ya ngazi, hapo huna njia, fumueni, ila nunua gundi ya mbao ya kurudishia. Kitanda cha mninga hakina shida hiyo. Boliti zake ziwekwe kwenye mfuko ufungwe kwenye ubao wa kichwani, na chaga zifungwe fungu moja kwa kamba.

Mpangaji_Sinza

Asanteni sana wakuu. Nimepima kona ya ngazi, kabati litapita likisimama, sofa inaachana vipande viwili. Nachukua ya pili, na wamekubali kufunga vyombo vya jikoni na TV kwa nyongeza. Wanataka malipo yote kabla. Na vipi kuhusu geti, LUKU (umeme wa kulipia kabla) na gesi?

Turubai

Yote kabla, hapana. Toa sehemu ya kushikia siku, nyingine gari likishapakiwa, na iliyobaki baada ya kuhakiki daftari kule Goba. Lipa kwenye lipa namba yenye jina la kampuni, siyo namba ya mtu, na udai risiti ya EFD (mashine ya kodi). Ikikosekana, huenda unaongea na dalali.

Geti: chukua barua fupi ya mwenye nyumba inayosema unahama na hudaiwi, mlinzi asije akazuia gari likiwa limejaa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa wa huku akuandikie barua ya utambulisho, uipeleke kwa mwenzake wa kule. Usihame usiku, kenta iliyojaa fanicha saa nne usiku itasimamishwa.

LUKU: uniti zilizobaki ni za mita ile, hazihamishiki, kwa hiyo wiki ya mwisho nunua kidogo kidogo. Piga picha mita ya umeme na ya maji. Rimoti ya LUKU iache ukutani, wabebaji huwa wanaizoa pamoja na rimoti za TV. Kule Goba nunua umeme kidogo kabla ya kuhamia usome risiti: kama mita ina malimbikizo ya kodi ya majengo yatakatwa hapo hapo, umuonyeshe mwenye nyumba mapema.

Fundi Baridi

Gesi: funga valvu, toa rejeta (kidhibiti cha gesi kinachokaa juu ya mtungi), weka kifuniko. Mtungi usimame nyuma kwenye bodi ya wazi, ufungwe kamba, usikae ndani ya gari la abiria. Kampuni ikikataa kuubeba iko sahihi, utafutie bajaji ya mizigo. Ukifika, funga rejeta, fungua valvu huku jiko limezimwa, upake povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mpira. Povu likivimba mahali, funga valvu, badilisha mpira au kile kipete (washa) cha rejeta, kisha paka tena kabla hujawasha kiberiti.