Hivi kitufe cha "Hapana" kiliondolewa lini kwenye kompyuta zetu?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira na hizi apdeti zinazojiweka zenyewe.

Jana usiku niliiacha kompyuta ikiwaka makusudi. Kulikuwa na majedwali mawili niliyokuwa nayalinganisha mstari kwa mstari, kurasa kama kumi na moja nilizozifungua kwa kazi hiyo hiyo, na video ndefu iliyokuwa inachakatwa, ambayo kwa hesabu yangu ingekamilika alfajiri. Nikalala. Asubuhi nakuta skrini nyeusi, kiduara kinazunguka, na maandishi: asilimia 27, usizime kompyuta yako. Usizime! Yaani aliyeizima bila kuniuliza ndiye anayenionya mimi nisiizime. Ilipofika 100 ikajizima tena, ikawaka, ikaanza kuhesabu upya kutoka sifuri.

Video imekatikia njiani. Jedwali moja limerudi, jingine limerudi la juzi. Na kama kifuta machozi nimewekewa msaidizi wa akili mnemba pembeni mwa skrini, ambaye sikumwita, na ile programu ya kuvinjari niliyoiondoa miezi mingi iliyopita imerudi kwenye mstari wa chini kama mpangaji aliyefukuzwa akarudi usiku na godoro lake. Kampuni siitaji. Kila mmoja wenu atadhani naisema ya kwake, na hatakuwa amekosea sana.

Najua mtaniambia kaweke saa za kazi kwenye mipangilio, zile ambazo kompyuta hairuhusiwi kujizima ili ijisasishe. Niliweka, mchana zinaheshimiwa. Nani aliwaambia kuwa kompyuta haifanyi kazi mwenyewe akiwa amelala?

Na kabla hamjaja na somo la usalama, somo hilo nalijua. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu moja la usalama kwenye Windows. Mei mwaka huo huo WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ikapita kwenye tundu hilo hilo, ikafunga mafaili ya watu duniani kote, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya wagonjwa. Waliokuwa wameweka kiraka mapema walipona. Kwa hiyo sipingi viraka. Nileteeni viraka hata kila wiki.

Ninachokipinga ni furushi. Kiraka cha usalama ninachokihitaji kimefungwa pamoja na matangazo, vitufe vilivyohamishwa, rangi mpya na programu za kunivutia ninunue nafasi kwenye hifadhi yao ya mtandaoni. Siwezi kuchukua kimoja nikaacha kingine. Fundi ukimwita azibe paa linalovuja, hakai akageuza kitanda chako, akabadili kitasa cha mlango na kukuachia bango la biashara yake sebuleni. Akifanya hivyo hamrudishi kazini. Hawa tunawapokea kila mwezi, maana tukiwakataa paa linaendelea kuvuja.

Halafu tazameni maneno ya kwenye vitufe. "Sasisha sasa" au "Nikumbushe baadaye". Hapana iko wapi? Mwaka 2016, Microsoft walipokuwa wanawasukuma watu kwenda Windows 10, walifika mahali ukibonyeza ule msalaba mwekundu wa kufunga dirisha, ratiba ya kuhamishwa inabaki pale pale. Msalaba ambao kwa miaka yote ulimaanisha "sitaki" ukageuzwa kuwa "sawa". Desemba mwaka huo mkuu wao wa masoko mwenyewe alikiri kwamba walivuka mpaka. Asante kwa kukiri, ila watu walikuwa wameshahamishwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kutugeuza sisi kuwa wajaribu. Oktoba 2018 toleo jipya la Windows 10 lilianza kusambazwa tarehe 2, na baada ya siku chache likasimamishwa kwa sababu lilikuwa linafuta nyaraka na picha za baadhi ya watu. Wapo waliokuwa wamelijaribu kabla na wakaripoti tatizo hilo hilo. Ripoti zao zikazama. Na msidhani upande wa pili ni peponi: Septemba 2024 Apple walilazimika kuiondoa iPadOS 18, mfumo mpya wa vishikwambi vyao, kwa iPad Pro zenye chipu ya M4, baada ya baadhi kugoma kuwaka kabisa. Kishikwambi kipya, cha bei ya kutoa machozi, kimekuwa kibao cha kukatia vitunguu.

Kwenye vishikwambi ndiko kuna dhuluma kubwa kuliko zote, maana ukishapanda hushuki. Kwenye kompyuta walau kuna siku chache za kurudi toleo la zamani. Kwenye iPad, kampuni ikishaacha kuidhinisha toleo la nyuma, basi, hata kama jipya limekifanya kifaa kitambae. Februari 2020 Ufaransa iliwatoza Apple faini ya yuro milioni 25 kwa suala kama hili upande wa iPhone: watu hawakuambiwa kwamba apdeti ingeweza kuzipunguzia simu zao kasi. Kwa kampuni ile hiyo ni hela ya nauli.

Na ukiacha wanaosukuma sana, kuna wanaokutelekeza. Windows 10 ilikatiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine chungu nzima zenye afya njema haziruhusiwi kuingia Windows 11 kwa sababu ya umri wa prosesa au kukosa chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Zinawaka, zinafanya kazi, ila kiofisi ni marehemu. Miaka yote wanatuambia apdeti ni uhai wa kompyuta, halafu siku wakiamua, wewe ndiye unaambiwa kanunue nyingine.

Sasa niwaambie kilichonifanya nifungue uzi, maana ya video nimeshaisamehe.

Mama yangu ana kishikwambi. Nilimfundisha mwenyewe, na yeye hakushika majina ya vitu, alishika mahali vilipo. Picha za wajukuu, chini kushoto. Kupiga simu ya video, kile cha kijani pembeni yake. Wiki chache zilizopita kilijisasisha usiku. Asubuhi akanipigia kwa simu ya kawaida, sauti iko chini kama mtoto aliyevunja kikombe: "Mwanangu, usinikasirikie, nimekiharibu." Chini kushoto palikuwa na duka la programu. Kitufe cha kijani kimekuwa cheupe, kimehamia ukurasa wa pili. Alikuwa amekaa nacho siku mbili akitafuta alichokosea, ndipo akajipa moyo wa kuniambia.

Nilikwenda nikamrudishia vitu mahali pake. Ila sasa kikimletea ujumbe wowote wa kubonyeza, anakizima na kukifunika kwa kitambaa. Nilipokiangalia juzi kilikuwa na viraka vitatu vya usalama vinasubiri. Nikamwambia, mama, hivi ni muhimu, ruhusu. Akaniuliza kama nina hakika picha za watoto hazitahama tena.