Naomba ushauri: baki ya 8 katika hoja ya Euler

Jambo wandugu na dada zangu,

Ninafundisha hesabu sekondari, sekta ya sayansi, hapa Kadutu, Bukavu. Tuko kwenye namba 2147483647, yaani 2 kipeo cha 31 kutoa 1, ambayo Euler alithibitisha mwaka 1772 kuwa ni namba tasa. Nataka wanafunzi waione hoja yenyewe ubaoni, kwa chaki, bila mashine.

Mwanzo umeeleweka: kigawo tasa q cha namba hiyo lazima kiwe 62k + 1 (k ni namba nzima), kwa teoremu ndogo ya Fermat. Tulipima kwanza kwa 2047, yaani 2 kipeo cha 11 kutoa 1, ambayo ni 23 × 89, na zote mbili zikatoka 22k + 1. Darasa lilifurahi kweli!

Tumekwama mbele kidogo. Ukigawa kwa q, 2 kipeo cha 31 inabakiza 1, hivyo 2 kipeo cha 32 inabakiza 2. Basi 2 ina baki sawa na mraba wa 2 kipeo cha 16. Hapo vitabu vinaruka na kusema q ikigawanywa kwa 8 hubakiza 1 au 7. Nilijaribu lema ya Gauss, inayoonyesha kama namba ina baki sawa na mraba, lakini kuhesabu alama za kutoa kuliwachanganya. Kuwaambia wakubali tu, sitaki. Sharti hilo ndilo linalotuondolea 373, 683 na nyingine nyingi.

Je, kuna uthibitisho mfupi wa kiwango cha sekondari? Na kwa kuwa kugawa kunafika hadi 46340, karibu na kipeuo cha pili cha namba yetu, mngeshauri tuendelee hivyo, au tuhamie kipimo cha Lucas-Lehmer, cha kutambua namba tasa za aina hii, chenye hatua 29 za namba ndefu?