Draisuti inayopumua imeanza kunywa maji: kufua tu, dawa ya kulowekea, au ya kupuliza?

Kasia_Bergen
Wakuu, salamu kutoka huku kwenye mvua. Nina draisuti ya kayaki, yaani suti nzima isiyoingiza maji ya kuvaa kwenye maji baridi: kitambaa cha tabaka tatu chenye utando wa Gore-Tex (unazuia maji, unapitisha mvuke wa jasho), shingo na vifundo vya mikono vya lateksi, yaani mpira laini unaobana, soksi zimeunganishwa humo humo. Ilipokuwa mpya maji yalikuwa yanaviringika juu yake kama juu ya jani la mgimbi. Siku hizi mabega, mapaja na makalio yanabadilika rangi yakilowa, na nikivua nakuta fulana ya ndani ina unyevu. Haivuji: niliigeuza ndani nje, nikajaza maji kwenye miguu na mikono, hakuna tone lililotoka.

Madukani naona njia tatu za kuirudishia uwezo wa kufukuza maji. Sabuni maalumu peke yake, dawa ya kulowekea (TX.Direct ya Nikwax au Repel ya Grangers), na dawa ya kupuliza. Nani katumia ipi? Zote tatu sinunui, bei za Norwe mnazijua.

Baharia_wa_Clyde
Kaka, tuanze na kilichoharibika. Anayezuia bahari isikufikie ni utando, siyo dawa ya juu. Gore, wanaotengeneza Gore-Tex, wanasema vitundu vyake ni vidogo mara 20,000 kuliko tone la maji, na vikubwa mara 700 kuliko molekuli ya mvuke. Dawa ya juu, ile wanayoiita DWR, kazi yake ni kuzuia kitambaa cha nje kisinywe maji. Kikishakunywa, mvuke wa jasho unakosa njia, unarudi kuwa maji ndani, nawe unaapa suti imetoboka. Mbaya zaidi ni baridi. Kitambaa kibichi kikipigwa na upepo kinakunyang'anya joto, na huku Scotland upepo haukosekani.

Mimi ni wa "fua kwanza". Mara nyingi dawa ya kiwandani bado ipo, imefunikwa tu na chumvi, jasho, losheni ya jua na mabaki ya sabuni. Sabuni ya unga ya kawaida huacha vitu vinavyoyaita maji, na dawa ya kulainishia nguo ndiyo adui mkubwa. Chukua Tech Wash ya Nikwax au Performance Wash ya Grangers, maji ya vuguvugu, suuza mpaka povu liishe, anika. Ikikauka, inyunyizie maji. Yakiviringika, umemaliza, na hela iko mfukoni.

Dada_wa_Puget
Nakubali nusu. Kufua kunarudisha kifua na mikono. Lakini mabegani jaketi la kuokolea linasugua kila unapovuta kasia, makalioni kiti kinafanya kazi hiyo hiyo, kiunoni kuna sketi ya kayaki, ile inayofunika tundu la kukalia. Pale dawa imelika, siyo kwamba imefunikwa. Sabuni haiwezi kurudisha kisichokuwepo.

Kwa hiyo nachagua ya kupuliza, maana naipeleka penye shida tu. Suti ikiwa imefuliwa na bado mbichi, naitundika bafuni, napuliza, nasubiri dakika chache, halafu napangusa matone yaliyobaki kwa kitambaa kibichi, la sivyo yanaacha madoa. Tena upande wa ndani haupati dawa. Ule unatakiwa unyonye jasho na kulitawanya. Ukiloweka suti nzima unautia kinga nao.

Mzee_wa_Bristol
Vijana, suti hizi ndizo zinazonilisha, natengeneza za wengine. Hoja ya dada kuhusu upande wa ndani ina uzito kwa jaketi lenye bitana. Kwa suti ya tabaka tatu sijaona mteja aliyeitambua tofauti. Kinachonisumbua kwenye kupuliza ni mkono wa mpulizaji: anabania dawa, anasahau kwapa, nyuma ya magoti, mikunjo ya kiunoni. Suti ikiwa imechoka mwili mzima, loweka.

Ila loweka kwenye beseni la bafuni, kwa mkono. Wapo watengenezaji wanaoruhusu mashine yenye mlango wa mbele, zipu zote zikiwa zimefungwa, basi someni lebo. Mimi nikiangalia bei ya kubadilisha zipu, sioni sababu ya kuiingiza kwenye kitu kinachoikunja ovyo.

Na kama shingo ya lateksi inakaribia kubadilishwa, au kuna mahali panahitaji kiraka, fanya hilo kabla ya dawa. Gundi haishiki vizuri kwenye kitambaa kilichokwisha kutiwa. Zile dawa za silikoni za mahema msizilete karibu kabisa. Maji zinazuia kweli, lakini siku ya kiraka nitakurudishia suti yako bila kuigusa.

Kasia_Bergen
Shikamoo mzee. Na joto je? Kwa majaketi Gore wanasema likishakauka litiwe kwenye mashine ya kukaushia dakika 20, au lipigwe pasi ya moto mdogo bila mvuke, taulo katikati. Lateksi yangu itasalimika?

Mzee_wa_Bristol
Marahaba. Mashine ya kukaushia hapana, labda lebo yako iiruhusu. Joto linaizeesha lateksi, ikianza kunata haina tiba. Pasi sawa, kwa masharti: taulo katikati, mbali na lateksi na zipu, na mkono usitulie sehemu moja, kwa sababu mikanda inayoziba mishono kwa ndani imeshikwa na gundi inayolainika kwa joto. Mabega na makalio ni sehemu pana, pasi inapita bila taabu.

Dada_wa_Puget
Mimi kikausha nywele kinanitosha. Halafu dawa zenyewe hazilingani hapa. Ya Nikwax inafanya kazi hata ikikaukia kwenye kamba tu. Ya Grangers, na Revivex ya Gear Aid ninayoiona sana huku Marekani, zinapenda joto ndipo zionyeshe uwezo wake. Kwa jaketi la mlimani ningeweza kuchagua yoyote. Kwa kitu chenye lateksi, isiyodai joto imeshinda.

Baharia_wa_Clyde
Nyongeza kuhusu umri wa suti. Za zamani zilitiwa kemikali zenye florini, zinazofukuza maji na mafuta pia. Hizo zinaondolewa sokoni: Umoja wa Ulaya ulibana mojawapo, PFOA, tangu 2020, na kundi jingine, la PFHxA, zuio lake kwenye nguo za watu wa kawaida ni kuanzia Oktoba 2026. Dawa mpya zisizo na florini zinafukuza maji vizuri, lakini mafuta zinayakubali. Mafuta ya mwili na losheni ya jua yanaingia, maji yanafuata. Mwenye suti mpya afue mara nyingi kuliko tulivyozoea, na chumvi isuuzwe kila akitoka baharini.

Chalii_wa_Jinja
Poleni na baridi. Huku mtoni Nile ni kaptura, kofia ngumu na jaketi la kuokolea, basi. Ila nina jaketi la kupigia kasia la kitambaa hicho hicho, nalo linalowa vibaya msimu wa mvua. Dawa zenu hapa sijaziona. Sabuni ya mche inafaa? Na juani je?

Mzee_wa_Bristol
Ya mche isiyo na manukato ni afadhali kuliko ya unga, mradi usuuze sana. Maji yakiwa magumu itaacha utandu, na utandu nao unavuta maji. Anika kivulini. Likishakauka lipige pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa, pengine dawa ya kiwandani ikaamka.

Kasia_Bergen
Basi nimekata shauri. Nafua kwa sabuni maalumu, naangalia kifua na mikono vinasemaje, halafu napuliza mabega, mapaja na makalio. Nikiona hata mikono inakunywa, nitaloweka kama alivyosema mzee. Dada, chupa ya kupuliza ya ukubwa gani?

Dada_wa_Puget
Ya mililita 300, na itabaki. Anza na makalio, ndiko watu wanakofika chupa ikiwa imeisha.