Kilo za kila tairi: gumzo la kikundi cha familia

Zuhura: Shikamooni wote. Mjomba Rashidi, lile gari dogo tuliloliunda na Idi sasa linatembea vizuri. Shida ni kwamba ukikanyaga breki kwa nguvu, tairi la mbele kulia linakwama kabla ya mengine. Na kona za kushoto gari linazichukua tofauti na za kulia. Breki nimezifungua zote, ni nzima.

Mjomba Rashidi: Marahaba mwanangu. Kama breki ni nzima, basi tairi hilo halikandamizwi vya kutosha. Limebeba kilo chache kuliko mwenzake wa kushoto. Msiguse kitu kingine kabla hamjapima uzito wa kila tairi.

Idi: Mjomba, zile mizani nne za magari ya mashindano ni ghali mno. Hela yote imeishia kwenye gari.

Mjomba Rashidi: Hamzihitaji. Gari lenu na dereva wake halizidi kilo 650, kwa hiyo kila tairi ni kilo 150 na ushee. Mizani ya bafuni itatosha. Tafuteni ya mshale, siyo ya kidijitali. Ya kidijitali ikishashika namba inaganda hapohapo, halafu inajizima wakati ninyi bado mnatuliza gari.

Idi: Ya mshale ipo, lakini mwisho wake ni kilo 150. Tairi likizidi hapo si tunaiua?

Shangazi Mwanaidi: Tumieni wenzo. Ubao mnene usiopinda, ncha moja ilale juu ya kipande cha nondo kilichowekwa kwenye tofali, ncha ya pili juu ya nondo nyingine iliyolala katikati ya mizani. Tairi likikaa katikati kabisa ya nondo hizo mbili, mizani inabeba nusu, tofali linabeba nusu. Someni namba, toeni uzito wa ubao, zidisheni kwa 2. Uzito wa ubao mnaupata kwa kusoma mizani kabla tairi halijapanda.

Idi: Tukilisogeza tairi karibu na tofali, mizani si itabeba theluthi tu? Ndiyo salama zaidi.

Shangazi Mwanaidi: Salama kwa mizani, mbaya kwa hesabu. Kosa la mizani utalizidisha kwa 3 badala ya 2. Na kuna kosa la umbali, hilo ndilo kubwa. Tuseme kati ya nondo na nondo ni sentimita 120. Tairi likiwa katikati liko sentimita 60 kutoka kwenye tofali. Ukilikosea kwa sentimita 1, umekosea 1/60, yaani kilo 2.5 kwenye tairi la kilo 150. Ukiwa umeliweka sentimita 40, kosa lilelile ni 1/40, karibu kilo 4. Kwa hiyo katikati. Ning'inizeni timazi kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, mpaka ncha iguse alama mliyochora ubaoni.

Zuhura: Asante shangazi. Hapo nimekuelewa kabisa.

Baba Zuhura: Jeki ikae kwenye chesisi, kabari kwenye matairi yaliyobaki chini, na mtu yeyote asiingize hata mkono chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake. Stendi mnazo.

Zuhura: Sawa baba. Idi anasema tupige jeki pembe moja, tuingize mizani na ubao, tusome, tuhamie nyingine. Itafaa?

Mjomba Rashidi: Hapana! Hapa ndipo watu wanapopotea, na nawaomba mnisikilize vizuri. Mizani na ubao vina kimo cha kama sentimita 8. Ukiinua tairi moja peke yake kwa kimo hicho, springi yake inabanwa na ile ya pembe ya mshazari nayo inabanwa, halafu pembe mbili nyingine zinalegea. Chukueni springi za gari jepesi, zenye ugumu wa kilo 2 kwa kila milimita pale kwenye gurudumu. Ukiinua pembe moja milimita 1, robo ya zile kilo 2 inaongezeka au kupungua kwenye kila tairi, yaani nusu kilo. Milimita 80 ni kilo 40! Tairi litasoma kilo 40 ambazo si zake. Mizani yako inaweza kuwa ya dhahabu, bado namba ni ya uongo.

Mjomba Rashidi: Kwa hiyo matairi matatu mengine yapandishwe juu ya mbao na matofali ya kimo kilekile. Sakafu nayo msiiamini kwa macho. Chukueni mpira mwembamba unaoonyesha maji, kama mafundi wa ujenzi wanavyofanya, mpime usawa wa sehemu nne za matairi. Palipo chini ongezeni vipande vya plywood. Mkibakiza tofauti ya milimita 2 haidhuru, ni kilo 1 tu.

Idi: Nimeelewa. Kwa hiyo mizani moja inatosha, mradi kimo hakibadiliki?

Mjomba Rashidi: Inatosha kabisa. Vingine ni vya haraka: upepo wa matairi sawa, usukani umenyooka, breki ya mkono imeachiwa, mafuta kiasi mnachotembea nacho. Stabilaiza, ile nondo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ifungueni linki (kiungo chake) ya upande mmoja. Na tairi likishuka kutoka kwenye jeki linakuwa limejikunja, mpira unakataa kuteleza. Chini ya kila tairi wekeni vipande viwili vya bati laini na grisi katikati, kisha bonyezeni pua na mkia wa gari mara kadhaa lijikalie lenyewe.

Zuhura: Dereva tumweke nani? Mimi lazima nisome mizani.

Shangazi Mwanaidi: Madumu ya maji. Lita 1 ni kilo 1. Madumu matatu ya lita 20 na moja la lita 10, yafungwe na mkanda kwenye kiti chako. Kabla ya hapo hayohayo yajaribieni mizani: kilo 20, 40, 60, mpaka 70. Muone kama inasema kweli, na mrudie muone kama inasema jambo lilelile. Usisahau kupima dumu tupu.

(Jioni)

Zuhura: Tumemaliza kupima. Namba hizi nimeshatoa ubao na kuzidisha:
mbele kushoto 158
mbele kulia 140
nyuma kushoto 150
nyuma kulia 166

Shangazi Mwanaidi: Jumla 614. Kushoto 308, kulia 306, hapo mmejenga vizuri sana. Mbele 298, nyuma 316. Sasa jumlisheni mshazari. Mbele kushoto na nyuma kulia: 324. Mbele kulia na nyuma kushoto: 290. Ndiyo hiyo.

Mjomba Rashidi: Hasa. Gari limesimama kwa miguu miwili kama meza yenye miguu isiyolingana. Tairi la mbele kulia lina kilo 140, lazima likwame mapema. Kazeni springi za mbele kulia na nyuma kushoto, legezeni mbili nyingine kwa kiasi hichohicho ili kimo cha gari kisibadilike. Zungusheni nati ya kila springi mzunguko 1, mpime tena.

Idi: Tukiendelea hivyo tunaweza kuleta kilo nyingine mbele?

Mjomba Rashidi: La. Springi inahamisha uzito kwa mshazari tu. Mbele na nyuma, kushoto na kulia, hizo jumla haziguswi na springi. Unazibadilisha kwa kuhamisha vitu: betri, tangi, kiti.

(Siku iliyofuata)

Zuhura: Mizunguko 2 kila springi, na kila mzunguko nati inasogea milimita 2:
mbele kushoto 150
mbele kulia 148
nyuma kushoto 158
nyuma kulia 158

Shangazi Mwanaidi: Mshazari sasa ni 308 kwa 306! Na angalia, kila tairi limebadilika kilo 8 zilezile, mawili yamepanda na mawili yameshuka. Namba zikikubaliana namna hiyo ujue kipimo chenu ni cha kuaminika. Nimefurahi mno.

Mjomba Rashidi: Kazi safi. Sasa stabilaiza. Linki muirudishe gari likiwa palepale juu ya mbao, na madumu yakiwa kitini. Bolti iingie yenyewe. Ikikataa, rekebisheni urefu wa linki, msiilazimishe kwa nyundo, maana itabana pembe moja na kuwarudishia zile kilo mlizoziondoa.

Idi: Ilikataa kidogo. Tumerefusha linki nyuzi chache, ikaingia kwa mkono.

Zuhura: Tumetoka kulijaribu pale uwanjani. Breki za mbele sasa zinashika pamoja. Kona bado sijaridhika nazo, kesho napima upepo wa matairi yakiwa ya moto.

Baba Zuhura: Na madumu myatoe kitini.