Maabara mikoani au wakaguzi sokoni? Tujadili ubora wa unga wetu

Nyundo Kavu
Wakuu, salaam. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tunalo tangu sheria ya 1975, ikaja kubadilishwa na ya 2009. Viwango vipo, kuanzia nondo hadi asali. Kinachoninyima usingizi ni upimaji. Mtu yuko wilayani, anasaga unga wa lishe, anataka kujua kama una sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Sampuli inapanda basi, majibu yanarudi unga umeshauzwa na umeshaliwa. Je, fedha ya serikali ianze na maabara za mikoani au na wakaguzi wa kuzunguka sokoni? Mimi nasema maabara. Humtozi mtu faini kwa sumu ambayo hana pa kuipimia. Ingawa, kusema kweli, huu unga wa mitaani unaofungwa kwa mshumaa mwanangu hanywi uji wake.

Mama Unga
Mimi ndiye huyo wa mshumaa. Kaka yangu, umeuliza swali zuri ukalimalizia kwa tusi. Huu ni mwaka wangu wa sita nasaga: mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga. Karanga kabla haijaingia kwenye kikaango inapita mezani kwangu. Nakaa na binti zangu wawili, tunamwaga ungo mmoja mmoja, tunachambua. Iliyosinyaa inatoka. Iliyopasuka inatoka. Yenye doa la kijani inatoka. Gunia moja linatula siku nzima. Mabovu yanajaa ndoo mbili, kuna kijana wa baiskeli anakuja kuyachukua kila Jumamosi. Na msiseme tunakwepa nembo ya ubora ya TBS. Barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ninayo. Kilichonikwamisha ni jengo: niliambiwa pa kuzalishia pasiwe jikoni ninapopikia familia. Nimepanga chumba na baraza. Jengo nalitoa wapi?

Chapakazi
Mama Unga, wasikuvunje moyo hao. Watu wa mjini wakiona pakiti inang'aa ndiyo wanaita ubora. Wazee wetu walikula mahindi ya kwenye vihenge miaka nenda miaka rudi, nani alikufa?

Mtu wa Kibaigwa
Chapakazi, lirudishe hilo swali. 2016 watu walikufa kwa sumukuvu hapa kwetu Dodoma na kule Manyara. Macho ya manjano, kutapika, tumbo kujaa maji. Walikuwa wamekula mahindi waliyolima wenyewe. Hayakupita dukani, hayakuwa na pakiti, nembo isingewafikia. Mimi nanunua na kuuza mahindi sokoni Kibaigwa. Mvua ikinyesha wakati wa kuvuna, watu wanaanika chini kwenye udongo, jioni wanakusanya, usiku umande, asubuhi wanaanika tena. Sumu inaingia pale, kabla ya mkaguzi na kabla ya maabara.

Kijana wa Namanga
Mimi ni Mkenya, naomba nafasi. 2004 kwetu mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, wagonjwa wa sumukuvu walioandikwa ni 317, waliofariki 125. Sisi tumezika. Kwa hivyo Machi 2021 tulipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda, msidhani ilikuwa chuki.

Chapakazi
Ilikuwa biashara! Mlizuia tarehe 5, hata wiki haijaisha mkafungulia. Sumu ilikwenda wapi kwa siku hizo chache? Malori yetu yalikaa mpakani, mahindi yamefunikwa turubai juani, yanatoa jasho. Kama hayakuwa na ukungu yalipofika, mliyatia ninyi. Na 2019 KEBS, shirika lenu la viwango, ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sumukuvu, zote za soko lenu wenyewe. Mbona hamkufunga mpaka wenu kwa ndani?

Kijana wa Namanga
Asante kwa kuikumbuka ya 2019. KEBS iliwasimamisha wasagaji wa Kenya kwenyewe, hapo utasema tena ni vita ya mpaka? Na 2021 mpaka ulifunguliwa kwa sharti: mzigo uje na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hicho ni kiwango cha Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki, hata serikali yako ilikubali. Mwenye kupima alipita. Aliyekwama ni asiye na mahali pa kupima, na huyo nampa pole, lakini kosa si langu.

Chapakazi
Pole yako weka. Dereva aliyelala Namanga siku hizo anaijua vizuri.

Nyundo Kavu
Jamani, turudi kwenye mada. Kijana wa Namanga ameniunga mkono bila kutaka: aliyekwama ni asiye na maabara. Tuanze kuhesabu kanda kwa kanda…

Bint Pongwe
Samahani Nyundo, mimi nimekwama juu kule. Mama Unga, shikamoo. Yule kijana wa baiskeli, hizo karanga mbovu anazipeleka wapi?

Mama Unga
Marahaba. Anasema za kuku.

Bint Pongwe
Mama, niliwahi kushika mashine ya kusaga kwenye mtaa mmoja, mwenye mashine simtaji. Ndoo kama hizo zilikuwa zinaletwa kwa jina la "karanga za kusagia", bei nusu. Zinachanganywa na nzima, zinakaangwa mpaka zinakuwa kahawia, zikishasagwa doa huoni tena. Harufu tu, na harufu inafichwa na chumvi. Wanaonunua ni akina mama wenye watoto wadogo, maana ndiyo ya bei ndogo. Nilifanya miezi minne nikaacha. Hata kuku, sumu ile inamuumiza vilevile.

Mama Unga
Kwa hiyo leo mimi ninayechambua ndiyo mwenye kosa? Angalau mimi nachambua! Nyundo alinitukana kwa mshumaa, na wewe mwanangu unanitia hatiani kwa taka. Ndoo moja inanilipa nauli ya soko. Ningezitupa, nani angenirudishia?

Bint Pongwe
Sikutii hatiani, mama. Nimeuliza kwa sababu nilizisaga kwa mikono hii.

Mtu wa Kibaigwa
Hili swali la binti ni kubwa kuliko maabara. Hata kwenye mahindi ni hivyo hivyo. Mzigo ukikataliwa na mnunuzi mkubwa hauteketezwi, unashushwa bei. Unakwenda kwa mwenye kinu mdogo, au kwenye pombe. Kadiri tunavyowabana wenye nembo, ndivyo mabovu yanavyosukumwa kwa maskini.

Chapakazi
Hapo nakubali, ingawa naumia kukubali.

Fundi Mstaafu
Nimeyasoma yote. Nilikaa maabara sehemu kubwa ya maisha yangu, na Nyundo, nakuunga mkono nusu. Udhibiti wa chakula ulitoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ukahamia TBS Julai 2019, na tangu hapo kila mtu analia mashine. Mashine si maabara. Mizani isiyopitia ugezi, yaani kuhakikiwa kwamba inapima sawasawa, inatoa namba nzuri za uongo. Unahitaji ithibati, yaani maabara yenyewe ikaguliwe na kuthibitishwa, umeme usiokatika, kemikali zisizoisha katikati ya mwezi, na mtaalamu asiyehamishwa akishajua kazi.

Halafu kuna sampuli, na hapa watu wanajidanganya sana. Sumukuvu haikai kwenye gunia kama chumvi kwenye mboga. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, zingine zote salama. Mtu ananiletea kikombe alichochota juu ya gunia, nimpimie nini? Chukua bambo, ule mrija wa kuchomea gunia na kutoa punje, choma juu, kati, chini, ubavuni, gunia baada ya gunia, changanya, saga pamoja, ndipo upime. Nimewahi kupima mzigo mmoja mara mbili, sampuli ya kwanza ikapita, ya pili ikafeli vibaya. Ningetia saini ipi?

Mama Unga, kuchambua kwako ni kazi ya maana mno, usiiache. Kukaanga hakuondoi sumu yote, kuchambua kunaondoa nyingi. Kwa mahindi fanya hivi leo: chupa ya kioo iliyokauka, mahindi theluthi moja, kijiko cha chumvi kavu, tikisa, iache robo saa. Chumvi ikishika kioo, mahindi hayo hayajakauka.

Chapakazi
Mzee, serikali nzima na maabara zake, jibu ni chumvi?

Fundi Mstaafu
Chumvi inakuambia unyevu, haikuambii sumu. Sumu inahitaji maabara. Ila unyevu ukiuona mwezi wa kwanza wa kuhifadhi, maabara haitakuwa na cha kukuambia mwezi wa sita.

Nyundo Kavu
Mama Unga, kuhusu mshumaa niwie radhi. Nilisema nikiwa na hofu ya mtoto.

Mama Unga
Nimekusamehe, na mimi nina wajukuu. Nimetoka stoo sasa hivi. Magunia manne chupa imetoka safi, chumvi imelala chini na mahindi. La tano, lililokuwa limegusa ukuta, chumvi imeganda kwenye kioo kote. Nimelifungua, kwa chini punje zimeshikana na zina unga wa kijani. Mzee Fundi, nikilianika litafaa?

Fundi Mstaafu
Halitafaa, mwanangu. Kukausha kunazuia ukungu usiendelee. Sumu iliyokwisha kuingia inabaki. Usilisage.

Mama Unga
Sawa, silisagi. Kilo mia hizo. Na leo ni Ijumaa, kesho kijana wa baiskeli anapita. Bint Pongwe, Kibaigwa, yeyote anayejua: nilipeleke wapi?